Kiingereza: ujifunze mwenyewe au uende kwa mwalimu? Ulinganisho kwa walioko Mtwara na Lindi

Huku Kusini swali hili hupamba moto zaidi kuelekea mwisho wa mwaka. Novemba vijana wa kidato cha nne humaliza mtihani wa taifa, na mbele yao kuna miezi mirefu ya kusubiri, kwa kuwa wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti katikati ya mwaka unaofuata. Wakati huohuo minada ya korosho inaendelea na fedha zinaingia. Mzazi wa Tandahimba au Ruangwa anajiuliza: nimlipie mtoto kozi ya Kiingereza mjini, au nimnunulie kamusi na bando akae nyumbani ajisomee? Watu wazima nao wamo humo: mhudumu wa hoteli Shangani, fundi anayetafuta kazi bandarini au kwenye mtambo wa gesi wa Madimba, mwongoza watalii wa Kilwa Masoko.

Majibu ya kijiweni huwa ya upande mmoja. Huyu atakwambia mwalimu ni kupoteza hela, kila kitu kipo kwenye simu. Yule ataapa kwamba hakuna aliyewahi kujua lugha bila kufundishwa. Wote wawili wameshika nusu ya ukweli, na anayewasikiliza anaweza kupoteza mwaka mzima kwa kufuata nusu moja.

Msimamo wangu ni huu: kujifunza lugha ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kukusanya: maneno, sauti, mazoea ya kusoma. Hiyo hakuna wa kukufanyia. Ya pili ni kurekebishwa: mtu anakusikia ukikosea na kukuelekeza palepale. Hiyo ni vigumu mno kujifanyia mwenyewe. Basi kabla ya kuchagua njia, jiulize ni kazi ipi kati ya hizo mbili inayokukwamisha sasa hivi.

Nimepima njia zote mbili kwa vigezo vilevile: fedha yote inayotoka, muda na msimu, msamiati unaoingia na kubaki, kuongea na kurekebishwa, na mwisho mitihani. Kikundi cha wenzako nimekipa nafasi yake ndogo, kwa sababu wengi wanakisahau.

Fedha

Anayejisomea hulipa zaidi mwanzoni. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili, kauntabuku mbili, na simu ambayo mara nyingi anayo tayari. Baada ya hapo kinachokula fedha ni bando. Video zinamaliza bando haraka. Vipindi vya sauti na maandishi vinakula kidogo sana. Ukipakua vipindi kumi vya sauti mara moja, unaweza kuvisikiliza mwezi mzima bila intaneti. BBC wanavyo vipindi vya kufundisha Kiingereza vya dakika 6, na maandishi yake yapo, kwa hiyo unasikia huku unafuatisha kwa macho. Redio haikugharimu kitu. Na maktaba za mkoa, Mtwara na Lindi, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, zinasahaulika bila sababu: vitabu vipo, meza ipo, na hakuna anayekuita ukachote maji.

Kwa mwalimu, watu wengi huhesabu ada peke yake, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Chukua mfano. Tuseme ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi kwa vipindi 12 vya saa moja. Hiyo ni shilingi 2,500 kwa saa, si mbaya. Lakini kama bodaboda ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000, nauli ya mwezi ni 24,000, na saa moja sasa imefika 4,500. Anayetoka Msangamkuu kuja Mtwara mjini, au Kitunda kwenda Lindi mjini, anaongeza kivuko, tena inambidi ajue kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi kabla hajalipia darasa la jioni. Wakati mwingine mwalimu wa ada kubwa aliyepo mtaani kwako ni nafuu kuliko wa ada ndogo aliyepo upande wa pili wa mji.

Muda na msimu

Ukijisomea, ratiba inakufuata wewe. Katikati ya mwaka, watu wanapopulizia salfa mikorosho, kijana wa Newala anarudi nyumbani kachoka na macho yanawasha. Anaweza kupunguza hadi dakika 15 za kupitia maneno ya zamani. Msimu wa kuokota ukianza, ni vilevile. Mwezi wa Ramadhani anahamishia masomo baada ya daku. Uhuru huo ni mtamu, lakini pia ndio unaowaangusha wengi. Hakuna anayeuliza kwa nini jana hukusoma. Siku moja inakuwa wiki, wiki inakuwa mpaka baada ya mavuno, na kauntabuku inabaki na kurasa tano zilizoandikwa vizuri sana.

Darasa lina saa yake, na umeshalipa, kwa hiyo unaenda. Kwa mtu anayejijua kwamba hajisukumi, hili pekee linatosha kuwa sababu ya kulipa. Ila darasa halingoji. Ukikosa wiki mbili za korosho, unarudi ukakuta wenzako wamevuka. Uliza kabla ya kulipa: mwanafunzi akikosa, anafidiwa vipi? Na darasa la jioni mwezi wa Ramadhani linakuwa saa ngapi? Mwalimu aliyekaa huku miaka mingi atakuwa na jibu tayari.

Msamiati

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapopotezea nguvu.

Kiingereza kina maneno mengi kupita kiasi, lakini machache ndiyo yanayofanya kazi kila siku. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi, na orodha za namna hiyo zimeendelea kuboreshwa hadi leo. Maneno hayo, pamoja na yale yanayotokana nayo, hufunika karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Ukijifunza maneno matano mapya kwa siku bila kukosa, kwa mwaka ni 1,825. Kwa hiyo msingi wa lugha ni kazi ya mwaka mmoja na ushei. Usijidanganye lakini kwamba hapo umefika: asilimia 80 maana yake ni kwamba katika kila maneno kumi, mawili bado huyajui, na mara nyingi hayo mawili ndiyo yamebeba habari. Kusoma gazeti au riwaya bila kushika kamusi kunahitaji maneno elfu kadhaa zaidi, na hayo huja kwa kusoma sana.

Shida ya pili ni kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunachojifunza hutoroka haraka sana siku za mwanzo, na kwamba kukirudia kwa kuachanisha siku hukifanya kikae. Sebastian Leitner naye, mwaka 1972, akaeleza njia rahisi ya kulifanya hilo kwa kadi na boksi. Unaweza kuitengeneza leo kwa boksi la sabuni. Ligawe vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Kata karatasi ngumu ziwe kadi ndogo. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Kadi mpya zinaanzia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukiipata kadi, inasogea chumba kinachofuata, ambacho unakipitia kila baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha wiki mbili, kisha mwezi. Ukiikosa, inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tano. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini boksi halina chaji ya kuisha.

Usiandike neno tupu kwenye kadi, andika sentensi. Neno "charge" litakuonyesha sababu. Kwenye simu ni kuchaji. Kwa mwongoza watalii ni kutoza: "The guide charges 20,000 shillings." Polisini ni kushtakiwa: "He was charged with theft." Aliyeandika "charge = kuchaji" akasonga mbele, siku akiisoma hiyo ya mwisho ataelewa kitu cha ajabu. Hizo ni kadi tatu. Vivyo hivyo maneno yanayopenda kutembea pamoja yaandikwe pamoja. Sisi tunafanya kosa, tunafanya uamuzi, tunafanya kazi ya nyumbani. Kiingereza kinasema "make a mistake", "make a decision", lakini "do homework". Hakuna kanuni ya kukuokoa hapo. Ni kuyazoea yakiwa mawili mawili.

Kazi hii yote ya kadi ni ya mtu mwenyewe, na katika kukumbuka anayejisomea kwa boksi kila siku atamwacha mbali anayeenda darasani mara tatu kwa wiki bila boksi. Mwalimu hawezi kukaa nawe akakuuliza neno moja mara kumi na tano ndani ya miezi miwili.

Lakini anayejisomea ana udhaifu mkubwa katika kuchagua. Nimeona madaftari ya vijana wenye bidii ya kweli yanayoanzia kwenye herufi A ya kamusi: "abandon", "abate", "abhor". Kijana anajua "abhor" na hajui "although". Bidii imekwenda pasipo kazi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ana mtaji ambao hauhesabu: polisi, tiketi, hospitali, daktari, benki, baiskeli, sketi, kompyuta. Hayo yote tumeyachukua Kiingereza; anahitaji tu kujua yanavyoandikwa na kutamkwa huko kwao.

Mwalimu mzuri ndiye anayetatua hilo la kuchagua. Anakwambia neno hili lianze, hili liache mpaka mwakani. Anakuonyesha "decide" na "decision" ni ndugu, ukipata moja umepata na la pili. Anajua kwamba mwongoza watalii wa Kilwa Kisiwani, eneo lililoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, anahitaji mapema maneno ya magofu, kisima, kaburi, karne na mawe ya matumbawe, aweze kumweleza mgeni kwamba Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331. Na kwamba karani wa chama cha msingi cha ushirika, panapouzwa korosho, anahitaji unyevu, ghala, daraja la ubora na mnada. Orodha ya jumla haiwezi kujua hayo.

Tatizo ni kwamba si kila darasa liko hivyo. Yapo madarasa ambayo mwalimu anaandika ubaoni maneno thelathini na maana zake, wanafunzi wananakili, kengele, kesho orodha nyingine. Kama darasa ulilolipia ndilo hilo, unalipa kwa kazi ya kunakili, na hiyo ungeifanya barazani kwenu bure.

Kuongea na kurekebishwa

Kiswahili ukijua herufi umejua sauti. Kiingereza hakina huruma hiyo: "island" haitamki s, "receipt" haitamki p, "Wednesday" inameza nusu yake. Anayejifunza kwa macho tu hujitungia matamshi, na yakishakaa mdomoni ni kazi kuyatoa. Kisha kuna mazoea ya lugha yetu ya kufunga silabi kwa irabu, ndiyo maana "school" inatoka "sikuli" na "street" inatoka "sitiriti". Si aibu, ni ulimi unafanya ulichozoea, lakini msikilizaji mgeni anapotea.

Anayejisomea ana dawa tatu. Asiandike kadi ya neno ambalo hajalisikia; kamusi nyingi za simu zinatamka, nyingine hata bila intaneti. Asikilize sentensi fupi kwenye kipindi, asimamishe, airudie kwa sauti, kwa mwendo uleule wa msemaji. Na ajirekodi kwa simu kisha alinganishe. Anayefanya hivyo kila siku dakika kumi hubadilika kweli. Asichokipata ni yale makosa ambayo sikio lake halijui kama ni makosa.

Nilikuwepo darasa moja la jioni hapa Mtwara, binti mmoja akiulizwa habari za nyumbani. Akajibu kwa kujiamini: "My mother is sick, he is at Ligula." Mwalimu, mtu mzima, hakumkatisha wala hakuacha wenzake wacheke. Alimngoja amalize, akasema, "Pole sana, mwanangu. She is at Ligula?" Yule binti akatulia kidogo, halafu akarudia mwenyewe: "Ahsante, mwalimu. Yes, she is at Ligula." Kwa muda uliobaki hakukosea tena, na pale alipoteleza alijirudi kabla ya mwalimu. Kwetu "yeye" ni mwanamume na ni mwanamke, na kitenzi hakijali. Ndiyo maana kosa hili linawatoka hata watu waliosoma sana. Boksi la kadi lisingeligundua. Binti yule angeulizwa maana ya "he" na "she" kwenye karatasi, angepata zote.

Hiki ndicho ninachoona kinastahili fedha kwa mwalimu. Lakini kipime kwa hesabu. Darasa lina wanafunzi 30, kipindi ni dakika 60, mwalimu anaongea nusu. Zinabaki dakika 30 za kugawana: dakika moja moja kila mtu, kama wote watapata. Mwalimu yuleyule akiwapanga wawili wawili wakaongea kwa zamu huku yeye anazunguka kusikiliza, dakika zako zinakuwa 15. Wanafunzi ni walewale na ada ni ileile, ila faida imezidi mara kumi na tano. Kwa hiyo ukienda kuulizia, usiulize tu wako wangapi, uliza wanaongea vipi. Na umwombe mwalimu, kwa heshima, "Mwalimu, naomba tuzungumze Kiingereza kidogo kabla sijajiandikisha." Anayekifahamu atafurahi. Anayeshindwa kuendesha mazungumzo ya dakika tano atakuambukiza makosa yake, na hayo utayalipia.

Aibu nayo ina uzito wake. Darasa ambamo mtu akikosea anachekwa linafunga midomo kuliko kukaa nyumbani. Kinyume chake, anayejifunza peke yake anaweza kufika maneno elfu mbili bila kuwahi kumwambia mtu "good morning" akamtazama machoni, na siku ya usaili sauti inakauka.

Siku hizi zipo programu za akili mnemba ambazo unaziandikia au unazungumza nazo zikakurekebisha. Kwa kuandika zinasaidia sana: andika aya fupi kuhusu siku yako, ziombe zioneshe makosa na zikueleze sababu kwa Kiswahili. Zinataka intaneti, mara nyingine hukosea kwa kujiamini, na hazikuandai kwa mgeni mwenye lafudhi ngumu anayesubiri jibu. Zimepunguza upungufu wa anayejisomea, hazijaumaliza.

Sarufi na mitihani

Kwa mtihani wa kidato cha nne, mwalimu anayejua namna maswali yanavyotungwa anakuokolea muda. Anayejisomea anaweza kufika palepale kwa mitihani iliyopita, mradi awe na wa kumsahihishia insha. Kwa wanaolenga vyuo vya nje, mtihani kama IELTS unapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Viwili vya mwanzo unaviweza nyumbani kwa mazoezi. Viwili vya mwisho vinataka jicho na sikio la mtu mwingine, hata kama ni kwa wiki chache tu za mwisho.

Kikundi cha wenzako

Watu watatu hadi watano, mara mbili kwa wiki, barazani au chini ya mwembe, kwa makubaliano kwamba kwa dakika 40 hakuna Kiswahili. Hakina ada, na nauli ni miguu yako. Muda wa kuongea unaopata humo ni mwingi kuliko darasa kubwa ambalo kila mtu anangoja zamu yake. Ratiba mnajipangia kwa msimu wenu. Msamiati utaongezeka kidogo tu, kwa sababu mnazunguka na maneno yaleyale, isipokuwa kila mmoja aje na maneno matano mapya na mfano wa kila moja. Udhaifu wake unajulikana: mkikosea wote pamoja, kosa linageuka kuwa sahihi yenu. Waliofanikiwa zaidi, kwa ninavyoona, ni wale wanaochanga wakamwita mwalimu mara mbili kwa mwezi aje asikilize tu na kurekebisha. Gharama kwa kila mmoja inakuwa ndogo, na mwalimu anafanya ile kazi ambayo ni yeye tu anaiweza.

Nani anafaa wapi

Kujisomea kunamfaa mwenye nidhamu, aliyeko mbali na mji, mwenye kazi isiyo na saa maalumu, au mwenye msingi wa sekondari anayepungukiwa maneno. Kunamwumiza anayeanza kabisa bila kujua aanzie wapi, na anayependa kuahirisha.

Mwalimu anamfaa anayeanza, mwenye tarehe mbele yake kama usaili au mtihani, na yule anayejua mengi lakini mdomo haufunguki. Hana faida kubwa kwa mtu ambaye shida yake ni maneno tu na yuko tayari kukaa na boksi.

Kwa hali yako

*Umemaliza kidato cha nne, unasubiri.* Una muda mwingi na fedha kidogo. Anza na boksi na redio kuanzia wiki ya kwanza, unda kikundi na wenzako waliomaliza nawe. Kama kuna fedha ya mwezi mmoja wa kozi, usiitumie Desemba; itumie miezi miwili kabla ya kuripoti, ukiwa tayari na maneno ya kurekebishiwa.

*Mtoto kamaliza darasa la saba.* Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari anakutana na Kiingereza kwenye kila somo. Huyu mpe mwalimu kama unaweza, darasa dogo, na umtake mwalimu ampe maneno ya hisabati, bayolojia na jiografia, si salamu peke yake. Nyumbani mkague kadi kumi kila jioni hata kama wewe hujui Kiingereza: upande wa Kiswahili unausoma mwenyewe, yeye akupe cha upande wa pili.

*Unafanya kazi na wageni, hotelini, Mikindani au Kilwa.* Maneno yako ni machache na yanajirudia. Yaandike sentensi mia moja unazozitumia kazini, lipia saa chache za mwalimu mmoja kwa mmoja azisahihishe na kukutamkishia, kisha zirudie mwenyewe mpaka zitoke bila kufikiri. Wageni wako ndio darasa lako la kila siku.

*Unatafuta kazi bandarini au kwenye gesi.* Soma mwenyewe mabango na maelekezo ya usalama, na ukikuta lebo yenye lugha zote mbili, hata ya dawa ya mikorosho, ilinganishe mstari kwa mstari. Usaili ukitangazwa, tafuta mwalimu wa kukuuliza maswali uso kwa uso.

*Uko kijijini, Liwale au Nanyumbu, mwalimu yuko mbali.* Jisomee na unde kikundi, halafu msimu wa fedha ukifika, panga wiki mbili tatu za mjini kwa ndugu, uende kwa mwalimu kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Kama biashara yako ni ya kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, fikiria kwanza kama Kireno hakitakulipa mapema kuliko Kiingereza, maana ndicho utakachokutana nacho Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma.

*Wewe ni mzazi na fedha ya korosho iko mkononi leo.* Usilipe miezi sita kwa mkupuo. Omba kukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, hesabu ni wanafunzi wangapi wamefungua mdomo, kisha lipa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, mwambie mtoto akueleze kwa Kiingereza alichofanya siku hiyo, na umkaribishe jirani anayekijua asikilize. Matokeo hayo ndiyo yakuongoze kulipa wa pili.